Ukuta Unaolazwa Kwanza

Fundi wa ukuta wa mimea huanza kwa kuulaza ukuta wake chini. Huunga fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 8 hivi, nyuma hupigilia ubao wenye matundu ya kutolea maji, hujaza udongo, kisha mbele huifunika kwa wavu wa kuku. Akishapanda, fremu hubaki imelala wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, mpaka mizizi isukane kama ukili wa mkeka. Anayeisimamisha mapema huzoa udongo sakafuni. Kwangu mimi, heshima ya ufundi huu imo katika majuma hayo ambayo fundi hana cha kumwonyesha mgeni.

Kuta za mimea zilivuma sana kupitia kwa Mfaransa Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea, aliyeuvika majani ukuta wa makumbusho ya Quai Branly jijini Paris, yaliyofunguliwa mwaka 2006. Kuta zake hazina udongo: mizizi hushika kitambaa, na maji yenye virutubisho huletwa kwa pampu. Ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini panapokuwa na mgao wa maji na umeme usiotabirika, nachagua mimea ya majani manene inayojiwekea akiba: mishubiri, kalanchoe, sedamu, na ekeveria zenye asili ya Meksiko.

Siri yao iko usiku. Jua likishazama, vitundu vidogo vya majani hufunguka, hewa ya kaboni huingia na kuhifadhiwa ikiwa asidi. Kukicha hufungwa ili maji yasipotee. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, kwamba jani la kalanchoe likitafunwa asubuhi ni chachu, na kadiri siku inavyosonga uchachu huo hupungua. Ulimi wake ulitangulia maelezo kamili ya maabara kwa zaidi ya miaka 100.

Mmea wa namna hii haukubali haraka ya mtu. Kipandikizi kilichokatwa sasa hivi kina jeraha bichi; kitie kwenye udongo wenye unyevu, kitaoza. Fundi hukianika kivulini siku kadhaa, hadi mahali palipokatwa pafunge, pakauke, ukipapitishia ukucha pakwaruze. Hapo huchukua kijiti, hutoboa udongo katikati ya nyuzi za wavu, hushusha shina na kuacha majani yakalie waya. Kisha hajamwagilia bado! Husubiri tena siku chache. Wenye mkono mwepesi wa ndoo hawauwezi ufundi huu, na sioni kosa kuwaambia wazi.

Udongo nao una adabu yake. Udongo wa mfinyanzi hukaa na maji, fremu ikawa mzigo wa kung'oa skrubu ukutani. Afadhali mchanga mkubwa uliochanganywa na mboji kidogo na vijiwe vyepesi vya volkano, ambavyo watu wa Bonde la Ufa wanavijua vizuri. Na kwa kuwa maji huteremka, safu ya juu hukauka kwanza. Huko ndiko kwenye makao ya mimea inayostahimili kiu zaidi, na ile inayopenda unyevu kidogo hukaa chini.

Ninaloliomba ni miche isichimbuliwe porini. Afrika Mashariki ni nyumbani kwa aina nyingi za mishubiri, na baadhi huota katika maeneo madogo mno. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986, na mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri karibu yote, isipokuwa Aloe vera. Wala hakuna dhiki ya miche. Jani zima la ekeveria likilazwa juu ya mchanga hutoa mizizi, kisha kimche pembeni. Na ukuta uliokomaa, ukipogolewa, hutoa vipandikizi vya kuanzishia ukuta wa jirani.