Ndege juu ya Nyiragongo

Usiku wa Jumamosi, 22 Mei 2021, watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wakikimbilia Sake na mpaka wa Rwanda, MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilirusha ndege kuikagua volkano ya Nyiragongo iliyokuwa imelipuka. Ikatangaza kwamba, kwa kilichoonekana kutoka angani, lava haikuelekea mjini. Kabla ya mapambazuko lava ilikuwa imeteketeza nyumba za Buhene, pembezoni mwa Goma, imekata barabara ya kwenda Rutshuru, na kusimama mita mia chache tu kutoka uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walipoteza maisha.

Hapa Kakiika, Uganda, na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale wapo Wakongo wengi wenye ndugu Goma. Tangazo kama lile hupita kwenye simu zao dakika ileile, na kwa neno hilo mtu huamua abaki au akimbie. Ndiyo sababu nalichambua.

Naamini waliokuwa ndegeni walisema walichokiona. Tatizo ni kwamba Nyiragongo haimwagi moto kileleni, hupasuka ubavuni. Mwaka 2002 mipasuko ilishuka hadi karibu na kijiji cha Munigi, ndipo lava ikaingia katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Anayepita juu usiku huvutwa na wekundu unaomulika mawingu ya kileleni, ilhali ufa mwingine unaweza kufunguka chini, nyuma ya mgongo wake. Tena lava ikipoa juu hufanya gamba jeusi, na ndani yake moto unaendelea kutembea. Kamera ya joto husaidia, lakini wingu zito huiziba.

Rada ya setilaiti hupenya wingu, ila hupita kwa ratiba yake. Rada hizo, pamoja na mitetemeko, ndizo zilizoonyesha magma imejipenyeza chini ya Goma na Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mitambo ya ardhini ilikuwa imedhoofika: kwa miezi kadhaa kabla, kituo cha OVG kinachochunguza volkano huko Goma kilikosa fedha za intaneti ya kupokea taarifa zake.

Kwa hiyo ndege ifuate kila ufa kutoka juu hadi chini, irudie baada ya nusu saa, na ripoti itaje saa na mahali ncha ya lava ilipofika. Inakoelekea waseme wenye ramani ya miteremko na watu walio chini, vijijini Kibati na Munigi, wanaoisikia ikija.