Mkono wa Kushoto wa Bill Evans: Uchambuzi wa Picha za London, 1965

Anayemtazama Bill Evans kwa mara ya kwanza katika picha za BBC za Machi 1965 huvutwa kwanza na shingo yake. Mpiga piano huyu wa Marekani ameinama mpaka uso unakaribia vitufe, miwani mizito usoni, suti imenyooka, nywele zimelazwa. Wengi huishia hapo hapo, wakaandika juu ya huzuni yake, upole wake na ukimya wake. Lakini huzuni haipigi piano. Kinachostahili kuchambuliwa kipo chini kidogo ya uso huo, kwenye mkono wa kushoto, na bahati njema ni kwamba kamera za London ziliupa mkono huo nafasi ya kuonekana.

Evans alikuwa London kupiga katika klabu ya Ronnie Scott's, wakati huo ikiwa bado Gerrard Street, mtaa wa Soho. Alikuwa na watu wawili: Chuck Israels kwenye besi kubwa ya kusimama, aina ile ile inayoonekana katika vikundi vya taarabu ya asili Unguja, na Larry Bunker kwenye dramu. BBC iliwachukua ikawarekodi kwa vipindi viwili vya Jazz 625, vikiongozwa na Humphrey Lyttelton, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tarumbeta. Nambari iliyo kwenye jina la kipindi ilikuwa tangazo la mitambo. Chaneli ya BBC2, iliyoanza Aprili 1964, ilirusha picha yenye mistari 625, wakati chaneli ya zamani ya BBC ilikuwa bado na mistari 405. BBC ilitaka watu wanunue seti mpya, na muziki ulikuwa njia mojawapo ya kuwaonyesha faida yake.

Kwa mchambuzi wa piano, faida hiyo si ndogo. Kadiri mistari inavyopungua, ndivyo vidole vinavyoyeyuka vikawa doa moja jeupe juu ya vitufe, na huwezi kujua kidole gani kimetua wapi. Katika picha hizi, hata kama ni nyeusi na nyeupe, unaweza kufuata kidole kimoja kimoja pale kamera inaposogea karibu. Mtayarishaji Terry Henebery na wenzake hawakuwa na papara pia. Picha hukaa, mikono huonekana kwa muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye besi au kwenye uso, na mara nyingi kuhama kwenyewe ni kwa taratibu, picha moja ikififia ndani ya nyingine. Mwongozaji anayebadilisha picha kila sekunde mbili angetunyima somo lote.

Somo lenyewe ni hili. Mpiga piano wa kawaida, akitakiwa kupiga kodi, yaani fungu la noti zinazobonyezwa pamoja, huanza na noti ya msingi chini kabisa kwa mkono wa kushoto. Ndivyo tunavyofundishwa, na ukiwa peke yako ni jambo la lazima, kwa sababu bila noti hiyo wimbo hauna sakafu. Hata Bud Powell, aliyekuwa mfano kwa kizazi kizima cha wapiga piano wa jazi baada ya Vita Kuu ya Pili, mara nyingi aliacha mkono wa kushoto ushike noti mbili tu, na mojawapo ilikuwa ya msingi. Evans aliiondoa. Sakafu aliikabidhi kwa besi, kisha akahamishia mkono wake wa kushoto katikati ya piano, eneo ambalo sauti zake ni laini na hazigongani na nyuzi nene za Israels.

Tuchukue mfuatano wa kodi tatu unaopatikana karibu katika kila wimbo wa jazi, na tuutaje kwa solfa kama wanakwaya wanavyofanya. Kodi ya kwanza imejengwa juu ya re, ya pili juu ya so, ya tatu juu ya do. Kwa njia ya darasani ungepiga re-fa-la-do, kisha so-ti-re-fa, halafu do-mi-so-ti, mkono ukirukaruka kutoka mahali hadi mahali. Sasa ondoa noti ya msingi katika kila kodi na uongeze rangi juu yake. Ya kwanza inakuwa fa-la-do-mi. Ya pili inakuwa fa-la-ti-mi. Ya tatu inakuwa mi-so-ti-re. Zitazame tena polepole. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni noti moja tu iliyosogea: do imeshuka ikawa ti. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, ti imebaki palepale, na noti nyingine tatu zimeshuka hatua moja moja. Mkono haujaruka hata mara moja.

Hiyo ndiyo sababu mkono wa kushoto wa Evans, kamera ikiukaribia, unaonekana kama haufanyi kazi. Unakaa mahali pamoja, vidole viko karibu na vitufe, unabonyeza na kuinuka kidogo. Anayesikiliza santuri bila kuona anaweza kudhani kuna wingi wa noti na mkono unaokimbia. Picha inasahihisha dhana hiyo: utajiri wa sauti unatokana na mwendo mfupi. Si Evans peke yake aliyepita njia hii. Red Garland na Ahmad Jamal nao walikuwa na mikono ya kushoto isiyobeba msingi katika miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba Evans alijenga kundi zima juu ya njia hiyo.

Hapo ndipo besi inapoingia. Mwaka 1961 Evans alikuwa na Scott LaFaro, kijana aliyekataa kutembea tu chini ya piano kwa noti nne kila kipimo. Alijibu, alikatiza, alipanda juu mpaka eneo la mpiga piano. Walirekodi klabuni Village Vanguard, New York, Juni 25 mwaka huo, na siku chache baadaye, Julai 6, LaFaro akafa katika ajali ya gari. Israels aliyemrithi hakujaribu kuwa LaFaro wa pili, na picha za London zinaonyesha uamuzi huo ulivyo na busara. Anachagua noti ndefu. Anaiacha sehemu ya kipimo ikiwa wazi, kisha anaweka noti pale ambapo sikio halikuitarajia. Uhuru wote huo unatokana na jambo moja: mkono wa kushoto wa piano haumzibi. Laiti Evans angekuwa anapiga msingi naye, kila uamuzi wa Israels ungekuwa ama marudio ama ugomvi.

Jazz 625 ilimrekodi pia mpiga piano Oscar Peterson, akiwa na Ray Brown kwenye besi na Ed Thigpen kwenye dramu. Ni vizuri kuvitazama vikundi hivi viwili kwa pamoja, maana Brown anatembea kwa uzito na uhakika, na kazi yake ni kulisukuma gari mbele bila kusita. Hakuna aliyekosea. Ni mikataba miwili tofauti ya kugawana kazi kati ya watu watatu.

Bunker, aliyechukua nafasi ya Paul Motian, huzungumzwa kidogo kuliko anavyostahili. Alikuwa pia mpiga vaibrafoni, ala ya kugongwa yenye noti, na hilo linasikika: anajua noti zinakwenda wapi. Katika wimbo wa taratibu kama My Foolish Heart, brashi za waya zinazunguka juu ya ngozi ya dramu na kutoa msuguano tu, karibu bila pigo. Kazi yake ngumu inakuja kwenye nyimbo zinazobadili mapigo. How My Heart Sings, utunzi wa Earl Zindars, unachanganya sehemu za mapigo matatu na sehemu za mapigo manne. Waltz for Debby, ambao Evans alimtungia mpwa wake, unaanza kwa mapigo matatu kama jina linavyosema, kisha kundi linahamia mapigo manne wakati wa kubuni papo kwa papo. Kuhama huko kunaweza kukwama kwa urahisi. Waangalie Bunker na Israels wakati unapofika: hakuna ishara ya mkono wala ya kichwa, na Evans bado ameinama vilevile. Wanasikilizana kwa masikio tu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mtazamaji wa leo anapaswa kulijua. Kanda za video za zama hizo zilikuwa ghali, na BBC ilifuta nyingi ili izitumie upya. Njia mojawapo ya kuhifadhi kipindi ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kuirekodi picha upya. Uingereza ilikuwa na picha 25 kwa sekunde, lakini filamu za sinema huendeshwa kwa picha 24. Nakala ya picha 25 ikichezwa kwa mwendo wa 24, kila kitu hupungua kasi kwa asilimia 4, na sauti hushuka kwa takriban sehemu saba kati ya kumi za hatua ndogo ya piano, yaani ile ya kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata. Kwa hiyo kabla ya kuchambua lolote, kaa kwenye piano uhakikishe. Evans alipiga Waltz for Debby katika F, na My Foolish Heart katika A. Ukisikia wimbo unaelea kati ya vitufe viwili, tatizo ni mwendo wa nakala yako, si fundi wa piano wa London.

Picha hizi zina mapungufu. Sauti ni ya njia moja, kwa hiyo huwezi kutenga piano na besi kwa kusikiliza upande wa kushoto na wa kulia. Kuna nyakati mkono wa kushoto unafanya jambo la maana na kamera iko usoni. Miguu haionekani vya kutosha, na pedali ni nusu ya sauti ya Evans. Hapo inabidi sikio lijaze pengo. Lakini nikipima yote, sijui waraka mwingine wa zama hizo unaofundisha kazi ya kundi la watu watatu kwa uwazi kuliko huu. Santuri za Vanguard zina muziki mkubwa zaidi. Picha za London zinaonyesha unavyotengenezwa.

Nina neno kwa wapiga kinanda wetu wa kwaya na wa bendi. Wengi wetu tumezoea kushika besi kwa mkono wa kushoto tangu siku za kupiga peke yetu, na tabia hiyo haituachi hata mpiga besi anapokuwa amesimama pembeni na gita lake. Matokeo yake ni watu wawili kupigania noti moja, na kwaya kusikika nzito chini. Wiki hii chukua wimbo mmoja mnaoujua vizuri, uondoe noti ya msingi katika kila kodi, uweke mkono wako katikati ya kinanda, na umwachie mpiga besi sakafu yake. Mwanzoni utahisi umeacha kazi nusu. Endelea hivyo hivyo. Kazi uliyoiacha ni yake.