Namba na Idadi: Kasoro ya Kanuni ya Kuhesabu Elektroni

Maelezo ya Kiswahili kuhusu muundo wa atomu aghalabu huja na kanuni hii: idadi ya elektroni za atomu ni sawa na namba yake atomia. Kanuni hiyo ni fupi na nyepesi kukariri. Hata hivyo ina kasoro mbili, na zote ni za lugha kabla ya kuwa za kemia.

Ya kwanza imo katika neno namba. Mswahili hutofautisha namba na idadi. Namba hutambulisha: nyumba ina namba, na mchezaji ana namba mgongoni. Idadi hupatikana kwa kuhesabu. Hapo awali namba atomia ilikuwa namba kwa maana hiyo ya kutambulisha, kwani ilionyesha nafasi ya elementi katika jedwali lililotokana na kazi ya Mendeleev ya 1869. Mwaka 1913 Henry Moseley alipima eksirei zitokazo katika metali mbalimbali, akaonyesha kwamba namba hiyo hulingana na chaji chanya ya kiini. Ndiyo sababu kobalti (27) hutangulia nikeli (28), ingawa uzito wa atomu ya kobalti ni mkubwa zaidi. Tangu hapo namba imekuwa idadi, yaani idadi ya protoni. Lakini istilahi yetu bado humficha msomaji kinachohesabiwa.

Kasoro ya pili ni kuachwa kwa sharti. Kanuni ni kweli kwa atomu isiyo na chaji tu. Sodiamu ina protoni 11; ikipoteza elektroni moja huwa ioni yenye elektroni 10. Klorini ina protoni 17. Ikipokea elektroni moja huwa na 18. Basi mwanafunzi aliyekariri kanuni pasipo sharti atakosea hata katika chumvi ya chakula, ambayo imeundwa na ioni hizo mbili.

Watakuwapo watakaosema kwamba istilahi hii imekwisha kuzoeleka. Sipendekezi ifutwe, napendekeza fasili yake itaje protoni waziwazi, na kanuni iwe hivi: idadi ya elektroni ni idadi ya protoni ukitoa chaji, pamoja na alama yake ya chanya au hasi. Kamati za istilahi nazo hazina budi kuijaribu kila fasili ya aina hii kwa atomu moja na ioni moja kabla ya kuipitisha.