Mtoto "kajinyonga" na kitovu? Hebu tulikosoe neno hili

Dada yangu alinipigia simu kutoka Kiegei akilia. Mimba ilikuwa ya wiki 30 na alikuwa ametoka kupimwa ultrasaundi. "Kaka, wamesema mtoto kajinyonga na kitovu." Nikamsikia shemeji akiuliza kama ni kwa sababu mkewe hufunga kanga shingoni akienda shamba.

Neno "kajinyonga" ndilo ninalotaka kulikosoa. Hata sisi tunaojiita waelimishaji tunalitumia, na linafundisha sayansi isiyo sahihi.

Kunyongwa ni kubanwa koo hewa isipite. Lakini mtoto aliye tumboni hapumui kwa koo. Oksijeni yake inatoka kwenye kondo la nyuma, inamfikia kupitia kiungamwana, ile kamba ambayo wengi tunaiita kitovu. Ndani yake kuna mishipa 3 ya damu: 1 unampelekea mtoto damu yenye oksijeni, 2 inairudisha kwenye kondo. Yote imezungukwa na ute mzito unaoisaidia isibanwe kirahisi.

Kamba hiyo ina urefu wa sentimita 50 hadi 60 hivi, na mtoto anageuka-geuka humo kila siku. Si ajabu ikamzunguka. Kati ya kila watoto 100, kama 20 hadi 30 huzaliwa ikiwa shingoni, na wengi wao wako salama kabisa. Kichwa kikitoka, mkunga hupitisha kidole shingoni na mara nyingi huivua tu kamba. Kanga ya mama haihusiki.

Kwa hiyo swali la maana si "kamba iko wapi?" bali "damu inapita?" Mzunguko ulioonekana leo unaweza kufunguka kesho. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza ultrasaundi 1 kabla ya wiki 24, mwaka 2016, lililenga mambo kama umri wa mimba, mapacha na kasoro za maumbile. Kusaka kamba shingoni halikuwa lengo.

Ila na sisi waandishi tuna kosa letu. Makala zetu huishia na "msiwe na wasiwasi, ni kawaida". Hiyo ni nusu ya ukweli. Kamba ikibanwa kweli, mtoto anaweza kukosa oksijeni, na dalili ambayo mama anaweza kuigundua mwenyewe ni mtoto kupunguza kucheza. Mama tuliyemtuliza kupita kiasi atasubiri hadi asubuhi. Vilevile chupa ikipasuka na kamba ikatangulia kutoka, hilo ni nadra lakini ni dharura: asiirudishe ndani, apige magoti na kuinamisha kifua, makalio yawe juu, apelekwe haraka penye upasuaji.

Sentensi 3 zingetosha: "Kamba imepita shingoni. Watoto wengi huwa hivyo na huzaliwa salama. Akipunguza kucheza, njoo siku hiyohiyo, hata usiku."

Nilimweleza dada hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa usiku huo, usafiri wa kunifikisha Nachingwea naupata wapi?"

Hilo ndilo swali la wasiwasi wenye faida. Jioni hiyo shemeji alikwenda kuongea na jirani mwenye pikipiki, wakapeana namba.