Kabla ya Kupaka Ramani Rangi, Uliza Mpaka ni wa Mwaka Gani

Chukua sensa ya 2002 na ya 2012, kisha utazame mstari wa Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7. Mwaka 2012 walihesabiwa 1,534,808. Mwanafunzi wa GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) anayezioanisha takwimu hizi na ramani moja atapata mkoa uliopoteza watu zaidi ya milioni moja, na ramani yake itapendeza huku ikidanganya.

Kilichobadilika ni mipaka. Machi 2012 Bariadi, Maswa na Meatu zilikwenda Mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Geita yenyewe iliundwa kwa vipande vya mikoa mitatu: Bukombe ilitoka Shinyanga, Wilaya ya Geita ilitoka Mwanza, na Chato ilitoka Kagera. Mbogwe ilimegwa Bukombe, na Nyang'hwale ikamegwa Geita.

Dawa ni kushuka hadi ngazi ya kata. Mikoa na wilaya hukatwa na kuunganishwa upya, lakini kata mpya kwa kawaida humegwa kutoka kata mama inayojulikana. Kwa hiyo tengeneza jedwali la ulinganisho: kata ya leo, kata mama, wilaya ya 2002, wilaya ya 2012. Rudisha kila kata iliyomegwa kwa mama yake, jumlisha watu, kisha unganisha poligoni kupanda juu. Hapo ndipo Shinyanga ya miaka miwili inapolinganishwa kwa haki.

Wakati wa kuoanisha jedwali na ramani, usitegemee majina. Faili moja litaandika Nyang'hwale, jingine Nyang'wale, la tatu litaacha ritifaa. Kwa kompyuta hizo ni wilaya tatu, na mbili kati yake zitabaki tupu. Tumia msimbo wa eneo, na uuhifadhi kama maandishi, kwa sababu programu ya majedwali ikiusoma kama namba hufuta sifuri ya mwanzo.

Suala la pili ni mfumo wa majiranukta. Shinyanga na Geita zote zimo katika UTM kanda ya 36 Kusini, lakini ramani nyingi za zamani za serikali zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia WGS 84. Tofauti ya datamu hizo mbili huku kwetu ni takriban mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye ramani ya taifa huioni. Lakini njoo Nyarugusu, mkoani Geita, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Leseni yao ya uchimbaji mdogo (PML) haizidi hekta 10 kwa dhahabu. Kiwanja cha mraba cha ukubwa huo kina upande wa mita 316 hivi. Datamu ikikosewa, duara (shimo la uchimbaji) lililo katikati ya leseni litaonekana ndani ya leseni ya jirani. Kumbuka pia kwamba kulibandika faili jina la mfumo mwingine hakulihamishi. Lazima programu ya ramani, kama QGIS, iamriwe kubadilisha majiranukta yenyewe.

Suala la tatu ni fedha. Tafuta Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, kwenye tabaka la wilaya la sensa ya 2012: haimo. Zimo Kahama na Kahama Mji tu, kwa kuwa Kahama hiyo ya kwanza, yaani Kahama Vijijini, iligawanywa kuwa Msalala na Ushetu baadaye. Ukitumia tabaka hilo leo, mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu utauandika Kahama, wakati uko Msalala. Ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mapato ghafi, hulipwa kwa halmashauri. Ramani ya fedha za madini iliyojengwa juu ya mpaka uliopitwa na wakati inampa mwananchi wa Bugarama, huko Msalala, jibu lisilo sahihi kuhusu halmashauri ya kuiuliza juu ya zahanati na barabara yake.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la kozi yoyote ya GIS liwe kuandika, kwa kila faili, mwaka wa mipaka, datamu na safu ya msimbo. Faili lisilo na majibu hayo matatu lisiingie kwenye uchambuzi, hata likiwa na muhuri wa serikali.