Elfu Kumi Si Mwanzo

Hukumu kwanza, maana wasomaji wa safu hii mashine yenyewe wanaijua. Dremel 3000 ya umeme wa volti 230, kimashine cha kiganjani cha kusagia na kukatia, huanzia mizunguko 10,000 kwa dakika na kuishia 33,000. Aliyeamua kwamba mashine ya kazi za nyumbani na za gari ianzie hapo alikosea, na unafuu wa bei haufuti kosa hilo. Mengine ni mazuri: uzito wa nusu kilo na ushei, kofia ya mbele inayokaza koleti (kishikio cha biti) bila kutafuta spana, wati 130 zinazotosha kazi ndogondogo. Sifa zake ziishie hapo. Kitasa cha kasi ndicho kinachotaka mjadala, kwa sababu ndicho kinachoamua mashine itashika kazi gani na itaharibu kazi gani, na kwenye mashine hii kiliamuliwa vibaya kabla mnunuzi hajafungua boksi.

Tazama kazi ambazo mwenye gari huinunulia mashine hii. Anataka kusugua kutu kwenye terminali za betri, na biti ya kazi hiyo ni brashi ya waya. Maelekezo ya Dremel yenyewe yanakataza brashi ya waya za chuma kuvuka mizunguko 15,000, kwa sababu juu ya hapo waya hung'oka na kuruka kama sindano. Basi piga hesabu ya kitasa. Kati ya 10,000 na 33,000 kuna nafasi ya 23,000, na katika hiyo yote brashi imeachiwa 5,000 tu, yaani pungufu ya robo, tena ikiwa imebanwa mwanzoni kabisa ambapo kidole kikiteleza kidogo kimeshavuka mpaka. Kisha anataka kulainisha ufa wa bampa, na bampa nyingi za leo ni za polipropilini, inayoyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi. Ngoma ya msasa ya milimita 13, hata kitasa kikiwa chini kabisa, ukingo wake hukimbia karibu mita 7 kwa sekunde. Plastiki haisagiki ikawa unga. Inayeyuka, inaganda kwenye msasa, na msasa ulioziba unazidisha joto. Lenzi za taa za mbele, ambazo siku hizi ni za polikaboneti, nazo hulegea karibu na nyuzi 147. Kote huko fundi anatafuta kasi ndogo, na kasi ndogo haipo.

Watetezi wa 3000 wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema kinachokata ni kasi ya ukingo, wala si idadi ya mizunguko, na biti nyembamba ikizunguka mara 10,000 ukingo wake bado unajikokota. Hiyo ni kweli kwa biti ya milimita moja: ukitoboa chuma laini nayo, 10,000 ni kama imepimwa. Lakini nani hutoboa gari kwa biti ya milimita moja? Biti ya HSS ya milimita 3.2, ambayo ndiyo nene kuliko zote zinazoingia kwenye koleti hizi, inataka ukingo wake ukimbie takriban mita 30 kwa dakika kwenye chuma laini. Hesabu inatoa mizunguko kama 3,000. Ukiianzisha kwenye 10,000, ukingo unakimbia mita 100 kwa dakika, ncha inageuka buluu, ukali unakwisha, na mnunuzi anamlaumu aliyemuuzia biti. Hata 5,000, ambako mashine nyingine huanzia, ni nyingi kwa biti hiyo, na ndiyo maana safu hii haijaacha kusema kwamba kutoboa chuma ni kazi ya drili. Ila kwa alumini, inayovumilia mara mbili au tatu ya kasi hiyo, mashine inayoanzia 5,000 inaingia kazini, ile ya 10,000 inabaki nje.

Hoja ya pili ni ya diski, na hapa watetezi wameshika ukweli wote. Diski ya kukatia ya milimita 38 ikizunguka mara 30,000, ukingo wake hukimbia karibu mita 60 kwa sekunde. Grenda ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 hufika kama mita 66. Kumbe kimashine cha kiganjani kinakaribia grenda kwa kasi ya kukata, na siri yake ni mizunguko mingi. Bolti ya ekzosi iliyoshikwa na kutu mahali ambapo grenda haiingii, hapo namba ya juu inalipa. Sawa. Lakini hakuna anayedai namba ya juu ipunguzwe. Dremel 4000, ya nyumba hiyohiyo, inakwenda kutoka 5,000 hadi 35,000, ina wati 175, na ina saketi inayoshikilia kasi mzigo unapoongezeka. Hata 8220 ya betri ya volti 12 huanzia 5,000. Ufundi wa kushuka chini wanao. Waliamua kutouweka pale ambapo mnunuzi wa mara ya kwanza angeuhitaji zaidi.

Wapo wanaoshauri mkono mwepesi: gusa, inua, acha ipoe, gusa tena. Ushauri huo unafaa kwa mashine yoyote, lakini hauwezi kuwa dawa ya kitasa kibaya, kwa sababu anayeambiwa hivyo ndiye ambaye mkono wake haujazoea. Wengine wanashauri kuichomeka kwenye dima ya taa. Huo ni ushauri wa kuunguza vitu. Mashine ina saketi yake ya kudhibiti umeme, na ukiweka nyingine mbele yake zinagombana. Na ukifanikiwa kupunguza volti, umepunguza pia nguvu ya kuzungusha, ambayo tayari ni ndogo. Wati 130 zikigawanywa kwa mizunguko 33,000, hata tusipohesabu kinachopotea kwenye joto, zinabaki kama nyutonimita 0.04. Drili ya volti 18 hutoa makumi ya nyutonimita. Kwa hiyo mashine inayoshuka chini inahitaji saketi ya kushikilia kasi, la sivyo ikiguswa inasimama. Zile za majina yasiyojulikana zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Nairobi huandika namba ndogo kwenye boksi bila saketi hiyo, na huko chini mota inavuma tu bila kusaga.

Wakongwe walijua kwamba kasi ndogo ina kazi yake. Foredom, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1922, hutundika mota kwenye ndoano, hupitisha nguvu kwenye waya unaojipinda hadi mkononi, na kasi huamuliwa na mguu kwenye pedali. SR yao inaishia 18,000, na masonara hawajawahi kulia kwamba ni ndogo. Proxxon ya Ujerumani nayo: IBS/E huanzia 5,000 na haifiki hata 25,000, lakini koleti zake ni za chuma kilichofanywa kigumu, zenye mikato mitatu, na biti haichezi ndani yake. Biti inayocheza hukata vibaya kwa kasi yoyote, na kasi ikipanda kucheza kunazidi. Hao walijenga mashine kuanzia kwenye ncha ya biti. Albert Dremel aliyefungua kampuni yake mwaka 1932 alikuwa mvumbuzi wa aina hiyo. Sina hakika kwamba walioipanga 3000 walikaa upande huo wa meza.

Ubaya ni kwamba soko linashangilia kosa. Boksi husifiwa kwa namba kubwa ya kasi na kwa vipande mia na zaidi vya vifaa, ambavyo vingi ni diski nyembamba zinazovunjika zikipindishwa kidogo. Vifaa vinavyofanya kazi havijai kiganja: diski zenye nyuzi, shina la kufungia diski kwa kubofya, ngoma ya msasa, brashi ya waya, jiwe moja la kunolea, na miwani ya kinga ambayo wauzaji hawaiweki. Na jamaa akikutumia mashine kutoka Marekani, soma volti kabla ya kasi. Ya 120 haitamaliza dakika kwenye umeme wetu bila transfoma. Kwa nyumba na gari, ongeza pesa uchukue 4000, au IBS/E kama kazi zako ni za usahihi kuliko za kukata. Aliye na 3000 tayari aitumie kukata bolti na kuchora chuma, aiweke mbali na bampa. Na anayekwenda kununua kesho asome namba ya kwanza kabla ya ya pili, la sivyo atalipia mashine ya kazi zote na kupewa ya kukatia.