Fats Waller Mikononi mwa Jimmy Smith: Heshima Isiyo na Kicheko

Tarehe 23 Januari 1962, katika studio ya Rudy Van Gelder iliyoko Englewood Cliffs, New Jersey, mpiga kinanda Jimmy Smith alirekodi santuri iitwayo Jimmy Smith Plays Fats Waller, iliyotolewa na kampuni ya Blue Note. Aliandamana na Quentin Warren kwenye gitaa na Donald Bailey kwenye ngoma. Mpiga besi hakuwepo wala hakuhitajika, kwani kazi hiyo hufanywa na mkono wa kushoto na miguu ya Smith mwenyewe.

Uteuzi wa Waller haukuwa wa kubahatisha. Thomas «Fats» Waller, aliyezaliwa New York mwaka 1904 na kufariki mwaka 1943, hukumbukwa zaidi kwa piano na kwa uimbaji wake wa dhihaka. Lakini katika ujana wake alipiga kinanda katika ukumbi wa Lincoln, mtaani Harlem, na mnamo 1926 na 1927 alirekodi jazi kwa kinanda cha mabomba mjini Camden, ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa studio na kampuni ya Victor. Kwa ukoo wa vinanda, basi, Waller ni babu na Smith ni mjukuu.

Hata hivyo, orodha ya nyimbo inazua swali. Kati ya saba, ni tatu tu zilizotungwa na Waller: Squeeze Me, Ain't Misbehavin' na Honeysuckle Rose. Yaweza kujibiwa kwamba Waller alikuwa na desturi ya kuteka nyimbo za wengine na kuzifanya zake, kama alivyofanya mwaka 1935 kwa Lulu's Back in Town, na kwamba Smith anamuenzi mpigaji kuliko mtunzi. Jibu hilo lina uzito. Ila halitoshi kueleza kukosekana kwa Jitterbug Waltz, utungo wa Waller mwenyewe, alioupiga mwaka 1942 kwa kinanda cha Hammond, yaani chombo kile kile cha Smith!

Upande wa fani, Smith anastahili sifa. Mkono wa kushoto wa Waller uliruka kutoka sauti nzito ya chini hadi kodi ya katikati na kurudi. Smith hauigi mruko huo. Anaweka mahali pake besi inayotembea bila kukatika, na kwa kuwa sauti ya kinanda haififii kama ya piano, anaweza kuishikilia noti moja hadi ngoma na gitaa zizungumze chini yake. Ni kama mfasiri anayeacha vina vya asili ili aokoe pumzi ya shairi. Upigaji wenyewe ni wa kujizuia, nao unazifaa nyimbo za taratibu.

Kinachopotea ni kicheko. Waller alimtania msikilizaji, akaukejeli wimbo huku akiupiga, na utani hauna maana pasipo mtu wa kutaniwa. Studio ile haikuwa na hadhira. Wala Smith hakuwa mgeni wa hadhira: mwaka 1957 alirekodiwa katika klabu ya Small's Paradise, Harlem, mtaa ule ule wa Waller, na moto wa usiku ule unasikika hata leo. Kama heshima hii ingelipwa pale, mbele ya watu wenye vinywaji mezani, huenda ingekuwa na meno zaidi.

Tofauti hiyo inadhihirika zaidi katika Incredible!, albamu ya Joey DeFrancesco iliyorekodiwa mwaka 1999 mbele ya hadhira katika tamasha la jazi la San Francisco na kutolewa mwaka 2000. Safari hii anayeenziwa ni Smith mwenyewe. DeFrancesco na wenzake wawili wanabeba sehemu kubwa ya kazi, kwa lugha waliyojifunza kutoka kwa mzee. Kisha mzee anaingia, anaketi kwenye kinanda, na kumjibu kijana. Waller hakupata nafasi hiyo.